Helmeti ya Siku Kubwa

Mageti sikuyapenda hata siku moja. Niseme hilo mapema, maana watu wa Kakuma wakinipita wananiita "mama mageti", nami hujibu "naam" na kucheka nao, na moyoni naona wamenitukana bila kujua. Mimi nilisomea mabomba. Mpaka leo nikikuta bomba la chuma limelazwa chini mahali, natembea kando yake mpaka liishe, naangalia viungo vyake. Watu wengine wanaangalia mbuzi hivyo. Mimi naangalia mabomba.

Kisa chenyewe kilikuwa mafuta. Yalipopatikana upande wa Lokichar, Lodwar nzima ilishikwa na homa. Magari meupe yalipita mjini kutwa, vyumba vya kupanga vikakosekana, na kila mtu akawa na binamu anayemjua mtu ndani ya kampuni. Tuliambiwa bomba litatoka huku kwetu Turkana liende mpaka baharini, na bomba halijiungi lenyewe, litaungwa na mafundi. Basi kwa nini mafundi wasiwe sisi wenye ardhi? Nilikuwa nimemaliza shule na alama ambazo sikumwonyesha mtu. Mama yangu, anayekaa Lorugum na mbuzi wake, alitaka niolewe. Nikamwambia naenda chuo cha ufundi kusomea kuchomelea na kuunga mabomba.

"Bomba la nini?" akauliza.

"La mafuta."

"Hayo mafuta yananyweka?"

"Hayanyweki, mama."

"Basi shauri yako," akasema, akaendelea kukamua.

Chuoni tulikuwa wengi na mashine ilikuwa moja. Helmeti ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima na kuacha kidirisha cha kioo cheusi mbele ya macho, nayo ilikuwa moja, na mwalimu aliivaa mwenyewe. Simlaumu. Macho ni yake na alikuwa na watoto. Alituambia tusimame nyuma yake tugeuze nyuso, tutazame mwanga unavyorukaruka ukutani, halafu akimaliza tuje tuone mshono. Ndivyo nilivyosomea kuchomelea: niliona ukuta, kisha nikaona kazi iliyokwisha. Zamu yangu ikifika navaa miwani ya jua ya sokoni, miwili, mmoja juu ya mwingine, kama kila mtu.

Asiyejua kazi hii nimweleze kidogo. Moto wa kuchomelea si wa kutazamwa. Miwani ya jua haizuii kitu, inakudanganya tu. Ukiutazama mchana, jioni macho yanaanza kuwasha, kisha ni kama mtu amekumwagia mchanga wa laga, ule mto mkavu, ndani yake na kukufunga kitambaa. Unajipaka maziwa ya mbuzi, unaweka vipande vya viazi, unamlilia Mungu, na asubuhi unarudi kazini. Kwa hiyo mtu anajitafutia njia. Njia yangu ilikuwa hii: natazama mahali ninapotaka kuanza, naweka ncha ya rodi, ule ujiti wa chuma unaoyeyuka, pale pale, nafumba macho, nagusa. Moto ukishika, nafuata kwa sikio. Mshono unaokwenda vizuri unalia kama kitunguu kwenye mafuta ya moto, sauti moja, haina kukatika. Ukikaribia mno sauti inazama. Ukienda mbali inapayuka. Mkono unajua, sikio linajua. Nafumbua kidogo kando, nahakikisha sijapotea, nafumba tena.

Kwa geti, kwa dirisha, kwa kitanda cha chuma, njia hiyo inatosha kabisa. Nilikuwa na mishono iliyonyooka kuliko ya wanaume waliokuwa wakitazama, na macho yangu yalibaki meupe. Nilijiona mjanja.

Mafuta yakanyamaza. Hakuna aliyekuja kutuambia yamenyamaza. Magari meupe yalipungua tu, vyumba vikapata wapangaji wa kawaida, na yule binamu wa kila mtu akarudi nyumbani akawa anauza makaa. Bomba la kwenda baharini likabaki mdomoni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo. Nilizunguka Lodwar nikiuliza kazi ya mabomba, na kila niliyemuuliza alinitazama toka kichwani mpaka miguuni akasema kuna jirani yake anataka geti.

Nilihamia Kakuma kwa sababu huko kulikuwa na ujenzi. Kambi ya wakimbizi inakua, mji unakua, na kila mwenye duka anataka mlango wa chuma. Nikajenga kibanda cha mabati karibu na soko, nikaanza na mashine ya mtumba. Wateja walikuja. Wengine walichungulia ndani wakaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawaambia fundi amekwenda chooni, wangoje. Wanangoja! Kisha nasimama, navaa miwani, nawasha mashine, na wao wanaona haya. Haki ya Mungu, hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu ya wakati ule.

Mwenzangu alikuja siku moja akasimama mlangoni, jua likazimika. Ni mtu wa Sudan Kusini, mrefu hivi kwamba baadaye tulilazimika kuupandisha mlango wa kibanda, maana alikuwa akijigonga kila asubuhi na kunililia "malesh, malesh" kana kwamba amegonga kichwa changu. Hilo ni neno lao la kuomba radhi, na yeye anaomba radhi hata kwa kupiga chafya. Aliishi kambini na mke wake na watoto, Jumapili alipiga ngoma kanisani. Kuchomelea alikuwa amefundishwa na mradi mmoja uliokuja kambini, mradi wenye vifaa vya maana, na alifundishwa mabomba. Mradi ulipofungwa, kila mwanafunzi aliondoka na kitu. Yeye aliondoka na helmeti.

Aliileta kibandani imefungwa ndani ya kitenge cha mke wake. Akaifungua polepole kama anafungua mtoto. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, kioo chake hakina hata mkwaruzo, na ndani ina mkanda wa kukaza kichwani. Nilinyoosha mkono niijaribu.

"Hapana, ukti," akasema. Ukti ni dada kwa lugha yao. "Hii si ya geti. Geti itachafua kioo. Cheche itaruka, itapiga hapa, kwisha. Hii ni ya siku kubwa."

"Siku gani kubwa?"

"Siku ya bomba."

"Akiba haiozi," nikasema.

"Eeh! Haiozi."

Akaifunga tena, tukaitundika kwenye msumari ukutani. Nisiseme nilipingana naye, maana sikupingana. Nilikubali kwa moyo wote. Kwetu kitu kizuri hakitumiwi. Mama yangu ana chupa ya chai aliyoletewa na mgeni zamani, na mpaka leo ina karatasi yake ya dukani, haijawahi kuonja chai. Anachemsha chai kwenye sufuria nyeusi na chupa inamtazama. Ukimuuliza anakwambia mgeni hajafika. Mimi ni mtoto wa huyo mama.

Kuna helmeti za bei rahisi, najua, za kushika kwa mkono. Tulikuwa nayo moja. Lakini ile inakula mkono mmoja, na geti linataka mikono yote miwili na goti, na mteja amesimama hapo anasema haraka. Iliishia kuwa kifuniko cha mtungi wa maji.

Basi tukafanya kazi, mimi na yeye na miwani yetu ya jua. Mageti, madirisha, vitanda, mikokoteni ya maji. Macho yake yalikuwa mekundu sikuzote, yanatoa machozi, asubuhi yamegandamana. Nilidhani ni vumbi la Kakuma na nikamwambia anawe kwa maji ya chumvi.

Habari za bomba la maji zilikuja na dereva wa lori la mawe. Bomba la chuma, refu, kutoka kwenye visima mpaka mji na vijiji. Mkandarasi ameweka kambi yake nje ya Lodwar, mabomba yamepangwa kama magogo, na anataka mafundi wa kuunga. Hataki makaratasi ya chuo. Anataka mtu aje na mkono wake, apewe vipande viwili vya bomba, aviunge mbele ya mkaguzi. Akipita, ni kazi ya bomba mpaka bomba liishe, na baada ya hapo mtu huyo ni fundi wa mabomba popote aendapo. Asiyepita arudi kwake.

Nilikaa chini juu ya geti la mtu.

"Twende," nikamwambia mwenzangu. "Wewe utapita hata ukiwa umelala."

Akatikisa kichwa. Mkimbizi haendi mbali na kambi bila kibali, na mkandarasi alitaka kitambulisho cha Kenya. Aliyajua hayo kabla mimi sijamaliza kusema. Aliketi kando yangu, yule mtu mrefu, magoti yake yakafika kifuani.

"Utaenda wewe," akasema. "Lakini utaenda na mkono yangu."

Tangu hapo kila jioni ikawa mazoezi. Alipata kipande cha bomba la kisima kilichokufa, akakikata vipande, akavifunga kwenye nguzo ya kibanda, vimelala mshazari. Kazi ya bomba si kama geti. Geti unaligeuza upendavyo, linakutii. Bomba limefungwa, haligeuki, ni wewe unayelizunguka: unaanza chini, umechutama, moto uko juu ya uso wako, unapanda nalo ubavuni mpaka kileleni, na mkono haupaswi kutetemeka wala kusita. Rodi ni ghali, hatukuwa na za kuchezea. Kwa hiyo alikata kijiti cha mswaki, akakibana mahali pa rodi, mashine imezimwa, akaniambia nizunguke bomba na kijiti hicho. Nizunguke, nizunguke. Yeye alichutama kando yangu akitazama kifundo cha mkono wangu.

Watu waliosimama njiani walikufa kwa kicheko. "Mama mageti anapiga bomba mswaki! Limeoza meno!" Mama mmoja wa samaki alinipigia makofi kila akipita. Nami namjibu, alete na lake nilisugue.

Lakini mkono ulilainika. Nakwambia, ulilainika. Ikafika mahali naota nikizunguka. Mara mojamoja aliniruhusu kuwasha mashine na kuunguza rodi ya kweli, na nilipomaliza alipitisha kidole kwenye mshono akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa sifa.

"Ukiwa chini," alikuwa akiniambia, "utaona maji ya chuma. Kidimbwi kidogo. Kina mdomo. Wewe fuata mdomo, usiangalie moto. Ukiona mdomo unafunguka sana, kimbia. Unaona?"

"Naona," nikasema.

Nilisema naona. Nilikuwa na miwani miwili usoni, na ndani yake nimefumba macho kama nilivyofumba miaka yote, na sikioni kitunguu kinakaanga vizuri. Sikudhani namdanganya. Nilidhani maji na mdomo ni namna yao ya kueleza, kama mchungaji anavyoeleza mbingu. Nilikuwa nafuata, mshono unatoka sawa, basi neno la nini? Wala hakuna aliyewahi kuniuliza kama nafumba macho. Ni swali gani hilo la kumuuliza fundi?

Wakati wa kuondoka nilisema, "Nipe helmeti niijaribu kidogo, nizoee."

Alisita. Niliona anasita. Akaitazama kwenye msumari.

"Cheche moja tu ikipiga kioo," akasema, "kesho utavaa nini?"

"Kweli," nikasema. "Bora tuiache."

Nilipitia Lorugum kumwona mama, helmeti nimeibeba ndani ya kitenge chake. Alikifungua kitenge akaishika ile helmeti mikononi, akaigeuza, akaniuliza, "Hiki kichwa cha nani umekibeba?" Tukacheka mpaka majirani wakaja. Kisha akauliza safari hii bomba ni la nini. Nikamwambia la maji.

"Maji yananyweka," akasema. "Hili sasa ni bomba."

Asubuhi alichovya mkono kwenye maji akaninyunyizia usoni na kifuani, akasema maneno ya baraka ya wazee wake, kisha akasema na "Jina la Yesu" ili asikose upande wowote. Alinitazama mpaka nilipopotea kwenye vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba. Sikuwahi kutazamwa hivyo, hata nilipokwenda chuo.

Kambi ya mkandarasi ilikuwa uwanja mtupu, jua limekaa juu yake tangu asubuhi. Tulisimama foleni, wanaume wengi na mimi. Wengine walitoka mbali, Kitale, Eldoret, walikuwa na ovaroli zenye mifuko. Kijana mmoja alinitazama helmeti akapiga mluzi. "Mathe amekuja kamili," akasema, akimaanisha mama. Nilijisikia vizuri, nisikufiche. Nilijisikia kama mtu.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Ningependa kusema alikuwa mkorofi, ingenisaidia, lakini alikuwa mpole. Alinisalimu "ejok" ya Kiturkana kwa lafudhi ya kwao, akanionyesha vipande vyangu viwili vimefungwa kwenye chuma, mshazari, kama tulivyofunga kwenye nguzo yetu. Rodi mpya kwenye boksi. Akasema, "Madam, chukua muda wako."

Nilivaa helmeti. Nilikaza mkanda. Nikachutama, nikatazama mahali pa kuanzia, nikaweka ncha ya rodi pale pale, nikashusha kioo.

Giza. Giza totoro, mchana kweupe. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya moto, kioo kile hakionyeshi chochote. Nilishtuka, lakini mkono ulikuwa mahali pake, nikagusa. Moto ukashika. Na mimi, ndani ya helmeti nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, nikafumba macho.

Sikuamua. Yalifumba yenyewe. Mazoea yana taabu.

Nikakitegea sikio kile kitunguu changu. Sikusikia kitu. Nyuma yangu jenereta ilikuwa ikinguruma kama imekasirishwa, kushoto kwangu kulikuwa na mashine ya kusaga chuma, kulia nyingine, na helmeti yenyewe imenifunika masikio. Nilikuwa sioni na sisikii. Mkono ulikuwa unakwenda lakini haukujua unakwenda wapi. Nikasema moyoni, mama we, fumbua macho. Nikafumbua.

Nikaona.

Ilikuwa kijani kibichi kote, kimya, na katikati palikuwa na kidimbwi kidogo kinachong'aa, kinazungukazunguka polepole, kama samli inapoanza kuyeyuka kwenye sufuria. Kilikuwa na mdomo. Yule mtu mrefu hakuwa anaeleza mbingu. Mdomo upo, una ukingo mwembamba, na chuma cha huku na chuma cha kule vinaingia ndani yake na kuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nimewaungia watu milango yao na vitanda vya kuzalia watoto wao, na sikuwahi hata mara moja kuiona kazi yangu ikifanyika. Ni nzuri. Jamani, ni nzuri mno. Nilisahau nilikokuwa. Nilitazama tu.

Mdomo ukafunguka, ukafunguka zaidi. Niliambiwa ukiona hivyo kimbia. Sikukimbia, nilikuwa nashangaa kama mtoto anayeona reli. Kidimbwi kikadondoka ndani ya bomba, pakabaki shimo.

Hapo ndipo mkono ulipoamka. Nilijaribu kuziba, nikaongeza chuma juu ya chuma, nikapanda ubavuni mara nimefumba, mara nimefumbua, sikuwa wa sikio tena wala wa jicho sijawa bado. Nilifika kileleni kwa sababu lazima ufike. Nilipoinua kioo jasho lilikuwa limejaa mpaka midomoni, na mshono wangu ulikuwa kama matapishi ya mbwa. Sina neno lingine.

Mkaguzi aliinama akamulika tochi ndani ya bomba. Akatia kidole chake kwenye shimo, kikaingia. Hakusema kwa sauti, na kwa hilo namshukuru.

"Umefanya kazi hii kwa muda?" akauliza.

"Kwa muda."

Akaitazama helmeti iliyokuwa mikononi mwangu. "Kifaa ni kizuri," akasema, nadhani alitaka kunipa kitu. "Labda awamu nyingine, madam."

Hakukuwa na awamu nyingine. Walipata watu wao siku hiyo hiyo, wale wa ovaroli, na yule kijana wa mluzi akiwamo.

Nilikaa ukingoni mwa mto Turkwel mpaka jua lilipopoa, nyuma yangu watu wanakata makuti ya mikoma na mbele yangu wanawake wanachimba mchangani kutafuta maji. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda. Nimkasirikie nani? Mwalimu aliyelinda macho yake? Mwenzangu aliyelinda kioo? Mama na chupa yake ya chai? Sikurudi Lorugum kumwambia. Nilimtumia ujumbe kwa mtu wa pikipiki kwamba nimefika salama, na mpaka leo hajaniuliza zaidi ya hapo.

Kakuma nilifika mwenzangu akiwa amefagia kibanda. Alikuwa amefagia mpaka nje, mpaka njiani. Aliponiona uso akaacha kuuliza, akavuta kiti.

"Shimo," nikasema.

"Chini?"

"Chini."

"Uliona mdomo inafunguka?"

"Niliuona. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze yote, kitunguu, kufumba, sikio, tangu chuoni. Alinisikiliza na yale macho yake mekundu yanavuja.

"Wewe unafunga macho," akasema.

"Wewe hufungi?"

"Mimi naangalia. Bila kuangalia nitajuaje?"

Ndipo nilipomtazama vizuri. Nilikuwa nikimwambia anawe kwa maji ya chumvi! Alikuwa akiutazama moto siku zote na miwani ya sokoni, geti baada ya geti, kwa sababu mradi ulimfundisha kutazama kabla ya kumnyang'anya mafunzo. Sasa kikombe cha chai anakitafuta kwa vidole mezani. Na helmeti ipo ukutani, imefungwa kwenye kitenge.

"Malesh, ukti," akasema.

"Wewe nawe! Malesh ya nini?"

"Ningekupa ufanye mazoezi."

"Ningeomba mara ya pili."

Asubuhi yake palikuwa na geti la mama mmoja wa duka la nafaka, anafungua duka jipya, analitaka kabla ya jua kuzama. Nikaishusha helmeti kwenye msumari mwenyewe. Nikamwambia mwenzangu, yeye avae au nivae mimi, lakini kitu hiki leo kinafanya kazi. Akasema vaa wewe, ujifunze kuona. Nikavaa. Nikafungua macho, nikakitazama kile kidimbwi, na mkono wangu, ambao maisha yake yote umeongozwa na sikio, ukaanza kutangatanga. Mshono ulipinda. Nikausaga, nikarudia, ukapinda tena. Cheche zikapiga kioo, nikasikia tap, tap, na kila tap nilimwona mwenzangu akijikunja.

"Mama mageti," yule mama akasema, "leo umeamkaje? Mimi nina mzigo unakuja."

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja. Au nimpelekee yule wa ng'ambo ya laga?"

Nikaivua. Nikampa mwenzangu, akapangusa kioo kwa kona ya shati, akakielekeza kwenye mwanga karibu na uso wake kabisa, kuona kama kimechubuka. Nikavaa miwani yangu miwili. Nikatazama mahali, nikaweka ncha ya rodi, nikafumba macho, nikagusa. Kitunguu kikalia vizuri toka juu mpaka chini.

Yule mama akapitisha kiganja kwenye mshono ulipopoa. "Sasa hii ndiyo kazi," akasema. "Ulikuwa unanichezea tu."

Mwenzangu aliifunga helmeti kwenye kitenge, akapapasa ukuta mpaka akaupata msumari, akaitundika. Sikumzuia.